Kukunja, Kukunjika na Kukunjuka: Jinsi Seli Inavyozipanga na Kuzitupa Protini za Utando

Utangulizi

Wanaoshughulikia istilahi za Kiswahili wamezoea kuulizwa swali moja: neno hili la sayansi litaitwaje kwa Kiswahili? Swali lenyewe ni la haki, ila aghalabu huja mapema mno. Kabla ya kuuliza kitu kitaitwaje, yatupasa tujue ni kitu gani na kinafanya kazi gani. Jina likitangulia maarifa huweza kuyapotosha, na upotofu wa namna hiyo, ukishazoeleka, ni mgumu kuung'oa.

Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano mmoja kutoka elimu ya viumbe, nao ni jinsi seli inavyozipanga protini za utando, kila moja mahali pake, na jinsi inavyoziondoa zile ambazo hazikupata umbo linalotakiwa. Ni rahisi kuziita hizi za pili "protini mbovu" na kuyamaliza maelezo hapo. Tutajaribu kuonyesha kwamba neno "mbovu" linachanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali, na kwamba kuyatofautisha mambo hayo si ushindani wa maneno matupu, kwani tiba ya ugonjwa mmoja mkubwa imejengwa juu ya tofauti hiyo. Pia tutaona kwamba mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili una vifaa vya kutosha kuieleza kwa usahihi.

1. Mnyororo na utando

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Aina za asidi amino zinazotumika kwa kawaida ni 20, na mpangilio wake katika mnyororo ndio unaoitofautisha protini moja na nyingine. Lakini mnyororo ulionyooka haufanyi kazi yoyote. Ili uwe kimeng'enya, au mlango wa chumvi, au kipokezi cha homoni, sharti ujikunje hadi upate umbo lake maalum.

Tunasema "ujikunje" kwa makusudi. Christian Anfinsen, mtaalamu wa Marekani aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1972, alichukua kimeng'enya kidogo chenye asidi amino 124, akakifungua mpaka kikapoteza umbo lake na kazi yake. Alipoziondoa dawa zilizokifungua, kilirudia umbo lake chenyewe, na kazi yake ikarudi. Kwa hiyo maelekezo ya umbo yamo katika mpangilio wa mnyororo wenyewe. Kiswahili hulieleza jambo hili kwa silabi moja. Protini *hukunjika*, si lazima *ikunjwe*. Kauli ya kutendeka haimtaji wala haimdai mtendaji.

Utando wa seli, kwa upande wake, ni tabaka mbili za mafuta zilizolaliana. Sehemu yake ya kati, iliyo ya mafuta matupu, ina unene wa nanomita 3 hivi. Protini ya utando ni ile iliyopenya mafuta hayo, mara moja au mara nyingi. Sehemu yake inayokaa ndani ya mafuta kwa kawaida ni kipande cha asidi amino 20 hivi zinazoyakimbia maji, kilichojisokota kama parafujo. Hesabu yake ni nyepesi: kila asidi amino katika msokoto huo huongeza nanomita 0.15, na 20 kati yake hufanya nanomita 3, sawasawa na unene wa mafuta.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Kipande kinachoyakimbia maji hakiwezi kuachwa kikielea katika majimaji ya seli, kwa maana kitagandamana na vingine vya namna yake na kuharibu kazi. Inabidi kipelekwe kwenye utando wakati uleule kinapotengenezwa.

2. Kiambishi cha seli

Mwaka 1971 Günter Blobel na David Sabatini, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, walitoa rai kwamba protini zinazopaswa kuingia katika njia ya utando huzaliwa zikiwa na alama mwanzoni mwa mnyororo wao. Mwaka 1975 Blobel na Bernhard Dobberstein waliithibitisha rai hiyo kwa majaribio, na mwaka 1999 Blobel alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Alama hiyo aghalabu ina asidi amino kati ya 15 na 30. Mara tu inapochomoza kutoka katika ribosomu, yaani mtambo unaounga mnyororo, chembe maalum huikamata na kuipeleka ribosomu nzima kwenye mfumo wa tando uliotapakaa ndani ya seli, ambao wataalamu huuita retikulamu ya endoplazimu, nasi hapa tutauita *wavu wa ndani*. Hapo mnyororo huingizwa katika tundu lenye mlango wa pembeni. Kipande kinachopenda maji hupita moja kwa moja, na kinachoyakimbia hutokea mlango wa pembeni na kubaki ndani ya mafuta. Yapata thuluthi moja ya protini za seli hupita njia hii.

Mwanaisimu hatakosa kukumbuka kiambishi cha ngeli. Kiambishi hicho hutangulia mzizi, nacho ndicho kinachoamua jinsi maneno yatakayofuata yatakavyopatana nalo. Alama ya seli nayo hutangulia, nayo huamua safari yote itakayofuata. Hata hivyo kuna tofauti mbili zisizofaa kusahauliwa. Kwanza, katika protini nyingi alama hiyo hukatwa na kutupwa baada ya kuingia, ingawa katika protini nyingi za utando kipande cha kwanza cha mafuta ndicho kinachokuwa alama, nacho hubaki. Pili, kiambishi cha ngeli kina umbo linalotambulika, ilhali alama hii haina tahajia moja. Mfuatano wowote unaoyakimbia maji kwa kiasi cha kutosha hukubaliwa. Seli hapa husoma tabia ya herufi, si herufi zenyewe.

Alama nyingine, kinyume cha hiyo, zina tahajia kali. Mwaka 1987 Sean Munro na Hugh Pelham walionyesha kwamba protini zinazopaswa kuishi katika wavu wa ndani huwa na asidi amino nne mwishoni mwake: laisini, aspateti, glutameti na lusini. Zikitoroka na kufika kituo kinachofuata, hutambuliwa kwa mkia huo na kurudishwa. Mkia ukikatwa, protini hizo hupotelea nje ya seli. Basi seli ina viambishi vya mwanzo na vya mwisho, na kila kimoja kina kanuni yake ya usomaji.

3. Kungwi na muda wa mafunzo

Ugunduzi wa Anfinsen ulifanywa katika chupa yenye maji safi na protini chache. Ndani ya seli hali ni tofauti, kwani humo mna msongamano mkubwa, na mnyororo mchanga waweza kushikana na jirani kabla haujajikunja. Kwa sababu hiyo seli ina protini za aina ya pekee ambazo huushika mnyororo, huzuia usiguswe, huuachilia ujaribu kujikunja, na kuushika tena ikiwa haujafaulu. Zenyewe hazimo katika umbo la mwisho. Kwa molekuli hizi twapendekeza jina la *kungwi*. Kungwi humkinga mwari na kumwelekeza, lakini siku ya arusi si yeye anayeolewa. Neno hili lafaa kuliko "msaidizi", ambalo halidokezi kwamba mlezi huondoka kazi ikiisha.

Katika wavu wa ndani ulezi huu una saa yake. Protini nyingi zinapoingia hubandikwa shada la sukari 14, tatu za mwisho zikiwa glukosi. Glukosi mbili huondolewa upesi, na ile moja inayobaki ndiyo inayoshikwa na kungwi aitwaye kalneksini. Nayo ikiondolewa, protini huachiliwa. Ikiwa imekwisha kunjika vema, huendelea na safari. La sivyo, kimeng'enya kinachotambua sehemu zilizoachwa wazi huirudishia glukosi moja, nayo hushikwa tena. Mzunguko huu, ambao kufahamika kwake kunahusishwa hasa na majina ya Ari Helenius na Armando Parodi, waweza kurudiwa mara nyingi.

Lakini si milele. Wakati mzunguko ukiendelea, vimeng'enya vingine vinang'oa polepole sukari za aina nyingine, ziitwazo manosi. Protini iliyokunjika mapema huondoka kabla manosi hazijapungua sana. Iliyokawia huzipoteza moja baada ya nyingine, na upungufu huo wenyewe huwa alama ya kutupwa. Tunaona basi kwamba seli haiulizi, "Je, protini hii inaweza kufanya kazi?" Haina njia ya kuuliza hivyo. Inachopima ni mambo mawili tu, nayo ni kama kuna sehemu zilizoachwa wazi zisizopaswa kuonekana, na muda uliokwisha kupita. Hukumu hutolewa kwa dalili, si kwa kujua.

4. Kutolewa na kusagwa

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba protini zilizokataliwa huharibiwa humohumo ndani ya wavu. Katikati ya miaka ya 1990 ikadhihirika kwamba sivyo. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba protini moja ya utando iliyokwama katika wavu huharibiwa na mtambo ulio nje yake, katika majimaji ya seli, na mwaka 1996 jambo kama hilo likaonyeshwa katika hamira. Basi protini iliyokwisha kuingizwa kwa taabu yote ile hurudishwa nje.

Inapochomoza upande wa nje hubandikwa mnyororo wa protini ndogo iitwayo yubikwitini, yenye asidi amino 76. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, waliofafanua kazi ya alama hiyo, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004. Kisha mtambo unaotumia nguvu za kikemia za seli huivuta protini kutoka katika mafuta ya utando na kuikabidhi kwa protiasomu.

Protiasomu ina umbo la pipa, na meno yake yamo ndani, mbali na protini zisizo na hatia. Ni kinu ambacho mchi wake umefichwa. Mlango wake ni mwembamba, hata protini yenye umbo haiwezi kupita, na kwa hiyo ni lazima kwanza *ikunjuliwe*. Hapa kauli ya kutendwa ndiyo inayofaa, kwa kuwa mtendaji yupo na nguvu inatumika. Baada ya hapo protini hukatwa vipande vifupi, na asidi amino zake hutumika upya.

Utaratibu huu una mpaka wa uwezo. Protini zisizokunjika zikizidi, wavu wa ndani hupeleka habari kwenye kiini cha seli, nacho huamrisha makungwi zaidi watengenezwe, huku uundaji wa protini mpya ukipunguzwa. Kazutoshi Mori na Peter Walter ndio waliotangulia kuifafanua njia hiyo. Msongamano usipopungua kwa muda mrefu, seli hujiua.

Tena, alama yaweza kughushiwa. Virusi vya Ukimwi vina protini iitwayo Vpu ambayo huikamata CD4 ikingali katika wavu wa ndani na kuifanya ibandikwe yubikwitini. CD4 ndicho kipokezi ambacho virusi hivyo hivyo huingilia seli. Kikisha kuingia, kirusi hunufaika kwa kukiondoa. CD4 hiyo haina kasoro yoyote ya umbo, nayo husagwa kwa sababu tu imebandikwa alama ya kusagwa.

5. Njia panda za baadaye

Protini iliyofaulu huondoka katika wavu ndani ya vifuko vidogo hadi kituo cha Golgi. Mwaka 1980 Randy Schekman na wenzake, kwa kuchunguza hamira zilizoshindwa kusafirisha, walitaja jeni 23 zinazohusika. Mwaka 2013 Schekman, James Rothman na Thomas Südhof walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya usafirishaji huo. Golgi ndiyo njia panda. Baadhi ya protini huelekezwa kwenye uso wa seli, na nyingine kwenye lisosomu, yaani mfuko wa vimeng'enya vinavyomeng'enya.

Kufika juu ya uso si mwisho wa safari. Mfano uliochunguzwa zaidi ni kipokezi cha LDL, chembe zinazobeba kolesteroli katika damu, ambacho Michael Brown na Joseph Goldstein walikifafanua na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kipokezi hiki huishika LDL, huingia nayo ndani ya seli, huiacha huko na kurudi juu. Safari moja huchukua dakika 10 hivi, na kipokezi huishi saa 20 hivi, kwa hiyo huenda na kurudi zaidi ya mara mia. Kwa mgonjwa mmoja, asidi amino moja tu katika mkia wake, tairosini, ilikuwa imebadilika kuwa sisteini. Kipokezi kilikunjika vema, kikafika juu, kikaishika LDL, lakini hakikuweza kuingia ndani, kwa maana herufi moja ya alama yake ilikosekana. Hicho hakikuwa kibovu kwa umbo, bali kilipoteza anwani.

Kadhalika iko protini iitwayo PCSK9, iliyotambuliwa mwaka 2003, ambayo ikikishika kipokezi hicho hukizuia kisirudi juu, nacho huishia katika lisosomu. Dawa zinazoizuia PCSK9 ziliidhinishwa mwaka 2015, nazo huteremsha kolesteroli kwa kukiachia kipokezi njia yake ya kurudi.

6. Hukumu iliyo kali mno

Turudi sasa kwenye neno "mbovu". Iko protini ya utando iitwayo CFTR, yenye asidi amino 1,480, inayopenya utando mara 12. Kazi yake ni kupitisha kloridi. Inapokosekana, kamasi za mapafu na maji ya kongosho huwa mazito, jasho huwa na chumvi nyingi, na mtoto hupatwa na ugonjwa uitwao sistiki faibrosisi. Jeni yake ilipatikana mwaka 1989, na ikaonekana kwamba kwa wagonjwa walio wengi wenye asili ya Ulaya inakosekana asidi amino moja tu, fenilalanini ya 508.

Mtu angetarajia kwamba mlango uliopungukiwa hivyo hauwezi kufunguka. Mwaka 1990 ilionekana kwamba shida ya kwanza iko kwingine. Protini hiyo haifiki kwenye uso wa seli kabisa, bali hukwama katika wavu wa ndani na kutupwa. Hiyo ndiyo protini ambayo kusagwa kwake nje ya wavu kulionyeshwa mwaka 1995. Mwaka 1992 lilikuwa limefanywa jaribio lenye funzo kubwa. Seli zilipokuzwa katika joto la nyuzi 30 za Selsiasi au chini yake badala ya 37, sehemu ya protini hiyo ilipata nafasi ya kukunjika, ikafika juu, ikapitisha kloridi. Kumbe protini iliyokuwa ikihukumiwa kuwa takataka iliweza kufanya kazi, ingawa kwa upungufu. Ilikawia kukunjika, na saa ya wavu haikuisubiri.

Hata CFTR kamili haikunjiki kwa urahisi. Majaribio ya mwaka 1994 yalionyesha kwamba katika baadhi ya seli za maabara zaidi ya nusu yake hutupwa kabla ya kufika juu. Ukali huu una maana yake. Seli hupendelea kupoteza protini nyingi zinazofaa kuliko kuruhusu chache zinazoweza kugandamana na kuiua. Lakini gharama ya ukali huo hulipwa na mgonjwa.

Kutokana na ufahamu huo zilitafutwa dawa zinazoushika mnyororo na kuusaidia ukunjike kabla ya hukumu. Mwaka 2019 iliidhinishwa nchini Marekani dawa ya mchanganyiko wa aina tatu. Mbili kati yake, eleksakafta na tezakafta, husaidia mkunjo, na ya tatu, ivakafta, hushikilia mlango ukae wazi. Kwa wagonjwa wengi imebadilisha maisha, ijapokuwa bei yake nchini humo ilipotoka ilizidi dola 300,000 kwa mwaka.

Kwetu Afrika funzo lina upande wa pili. Miongoni mwa wagonjwa Waafrika, hasa waliochunguzwa kusini mwa bara, mabadiliko yaliyo maarufu si yale ya asidi amino ya 508, bali mengine yanayovuruga uungaji wa ujumbe wa jeni, hata protini kamili haitengenezwi. Dawa ya kusaidia mkunjo haina la kufanya pale ambapo hapana cha kukunjika. Kwa kipimo cha jasho wagonjwa hawa wawili wanafanana, lakini mmoja ana protini iliyokataliwa na mwingine hana protini. Tukiwaambia wote wawili kwamba "protini yenu ni mbovu", tumewaambia jambo moja kuhusu hali mbili, na la tiba hatujawaambia.

Hitimisho

Kutokana na maelezo hayo twapendekeza kwamba katika maandishi ya Kiswahili mambo matatu yatengwe. *Protini changa* iwe ile ambayo bado haijakunjika na ingali mikononi mwa kungwi. *Protini kombo* iwe ile iliyokunjika katika umbo lisilo lake. *Protini iliyokataliwa* iwe ile iliyokwisha kubandikwa alama ya kutupwa, iwe ni kombo, iwe ni changa iliyokawia, au hata iwe haina kasoro, kama CD4 ya seli iliyovamiwa na virusi. Hali ya kwanza ni ya wakati, ya pili ni ya umbo, na ya tatu ni ya hukumu. Neno "mbovu" haliziachi zionekane.

Kadhalika vitenzi vishikwe kwa kauli zake: protini *hukunjika* yenyewe, *hukunjuka* joto likizidi, na *hukunjuliwa* mlangoni mwa protiasomu. Maneno hayo hatukuyaazima popote. Yamo katika kinywa cha kila mtu anayekunja mkeka jioni na kuukunjua asubuhi. Kazi iliyobaki kwa wanaistilahi ni kukaa na wanasayansi kwanza, kujua kitu kinafanya nini, ndipo walichague neno. Daktari atakayemweleza mzazi kwa Kiswahili kwa nini dawa fulani itamfaa mtoto huyu na haitamfaa yule atahitaji tofauti hizo zote.